Mkanda wa Tano

Ukumbi wa Bwana Rudzitis ulinuka sufu mbichi,
makaa, na samaki wa moshi waliofungwa magazetini.
Theluji ya Liepaja iliingia na kila mteja,
ikafia sakafuni.
Nilikaa chini ya pazia jeupe, shingo juu,
nikipiga kinanda kwa lati mbili na bakuli la supu.
Picha haikuwa na sauti. Sauti ilikuwa mimi.

Safu ya tatu, kila Alhamisi, bila tiketi:
mavyaa wangu Karline, mkoba mapajani,
na binti yake Otilija, wifi yangu,
asiyevua kofia mpaka Rudzitis aje kumwomba.

Picha ya wiki ile ilikuwa ya ndoa.
Seremala kaoa. Bibi harusi kaingia na sanduku moja
na ndege ndani ya tundu.
Mlangoni kasimama dada mtu, mikono kaikunja
kama mwenye duka aliyekwisha kufunga.
Maandishi yakawaka:

    Nyumba ina ufunguo, ufunguo una mwenye.
    Mgeni hana chaguo, akikosea, umwonye.

Kwa dada mtu nilikuwa na sauti zangu tayari:
vibao vitatu vya mwisho, mkono wa kushoto,
vile vinavyonguruma kama tumbo lililokula chuki.
Akitia chumvi kwenye uji wa mwenzake, navigonga.
Akimfungulia ndege dirisha, navigonga,
na macho yangu, Mungu anajua, safu ya tatu.

Kisha tarishi.

    Barua ya mume wake imelala kwenye unga.
    Mke kwa mikono yake amechota, amefunga.

Ludis wangu alikuwa baharini mwezi wa saba.
Barua mbili tu. Na pipa letu la unga
lilikaa upande wa chumba cha Otilija.
Niligonga mpaka mshumaa wa kinanda ukaruka,
na mama mmoja nyuma akasema,
"Taratibu, binti, kitapasuka."

Mkanda wa nne uliisha dada mtu akilia peke yake,
uso ndani ya shati la kaka yake.
Msamaha ulikuwa kwenye wa tano.
Niliusoma katika karatasi ya kampuni:
anapiga magoti, barua mkononi, nyeupe kwa unga.
Lakini Rudzitis alitaka maonyesho matatu kwa usiku.
Aliukata kwa mkasi wa tiketi.
Kwa hiyo: dada analia, giza kidogo,
halafu meza, wote wanacheka, mtoto kabatizwa.
Nani kamsamehe nani, kwa maneno gani,
hakuna aliyeuliza. Walipiga makofi.
Nikatupia sauti nne tano juu ya pengo,
kama mtu atandikaye zulia juu ya ubao uliooza.

Tulirudi watatu, mwavuli mmoja, mavyaa katikati.
Darajani Otilija akasema, bila kugeuka:
"Pale anapolia na shati. Umekosea."
Nimekosea nini?
"Umempigia wivu. Ule haukuwa wivu.
Mama alipoingia kiwandani Ludis alikuwa na miaka minne.
Mimi tisa. Nilimfunga kamba za viatu
nusura mpaka aote masharubu.
Siku moja anakuja mtu na sanduku,
na hujui tena mikono uipeleke wapi."
Mavyaa akakohoa.
Theluji ikaendelea na kazi yake.

Usiku nilifunua pipa. Kulikuwa na unga.
Unga tu. Nilizamisha mkono hadi kiwiko,
aibu yangu ikatoka nyeupe, nikaifutia aproni.

Alhamisi iliyofuata, picha ile ile, pengo lile lile.
Dada mtu akalia.
Mkono wa kushoto nikauacha mapajani.
Nikapiga kwa kidole kimoja, juu kabisa, polepole,
kitu cha kumfungia mtoto viatu.
Safu ya tatu, kimya.
Ila kofia, niliona, ilikwisha kuvuliwa
kabla Rudzitis hajafika.