Somo la Klachi

Siku ya kwanza hakunipa ufunguo.
Alinipa pikipiki iliyozimwa, akasema: isukume.
Nikaisukuma kutoka goli hadi goli
katika uwanja wa shule nyuma ya kilima cha Ediofe,
vumbi jekundu likinipanda magotini,
watoto wakihesabu hatua zangu: alu, iri, na, su,
mmoja akauliza kama imekufa.

"Kwanza ujue uzito wake," alisema Alioni.
"Usipoujua, hutajua itakavyokuangukia."

Ana miaka ishirini na mitatu, mwalimu wangu.
Mimi, arobaini na sita.
Lile kovu dogo la chanjo kwenye mkono wake wa kulia
ni mimi niliyeliweka, mwaka wangu wa kwanza kazini,
akalia hadi akatapika kwenye sare yangu mpya.
Hakumbuki. Mimi nakumbuka, na ninalipa
shilingi elfu kumi kwa saa.

Siku ya pili aliilaza chini: iinue.
Nikainama nayo uso kwa uso, akanizuia.
Ipe mgongo, Sista Driciru, inua kwa miguu.
Nikacheka. Ndivyo tunavyoinua wagonjwa.

Klachi ndiyo iliyonitoa jasho.
Iliruka kama mbuzi aliyekanyagwa, ikakohoa, ikazima.
Mara saba.
Mkono huu wa kushoto umeshika watoto elfu
wasifurukute, lakini kuachia
haukuwahi kufundishwa.
"Polepole," alisema, "kama unavyotoa sindano."
"Sindano hutolewa upesi."
Akafikiri, akikuna shingo.
"Basi kama unavyotoa mkono
chini ya mtoto aliyesinzia."

Ikaondoka.

Kisha shimo. Uwanja mzima, shimo moja,
na mimi nikaenda moja kwa moja ndani yake.
Nililitazama, ndiyo sababu.
Macho yakishika kitu, gurudumu hutii.
"Tazama pale unapotaka kufika," alisema,
"shimo lina wenyewe wa kulitazama."
Na kwenye kokoto usibane breki ya mbele peke yake.
Na mvua ikianza, zile dakika za mwanzo
lami ina mafuta, kaa kwenye baraza la mtu, omba chai.
Na lori likija, usibishane nalo habari za haki.

Haya yote aliyasema kichwa wazi.
Kofia yake ngumu ilitundikwa kwenye kioo
kama kikapu kinachongoja siku ya soko.
"Joto," alisema. "Tena abiria hawanisikii."

Nilitaka kumwambia kuhusu zamu za Desemba.
Sikutaja damu, damu ameiona.
Nilitaja nywele:
kwamba kabla ya kushona kichwa tunakinyoa,
kwamba nimewanyoa vijana wa umri wake,
na kuna mama aliyeziokota sakafuni,
akazifunga kwenye pembe ya kitenge chake,
akaniuliza kama zitaota tena.

Hakunijibu. Alikagua mnyororo
ambao alikuwa ameshaukagua.
Halafu akaivaa, kamba ikining'inia,
nikaifunga mimi, nikapima chini ya kidevu
kwa vidole viwili, kama napima mshipa.
"Inabana," alisema.
"Vizuri," nikasema.

Leo nimekwenda peke yangu, barabara ya Wandi,
gia ya pili karibu njia nzima,
boksi la chanjo limefungwa nyuma, barafu ikigongagonga,
bodaboda zikinipita na kunicheka kwa honi.
Nimezima mara moja tu,
kwenye mwinuko, mbele ya wauza mihogo,
mahali ambapo kila mtu ananijua kwa jina.

"Sista, imekufa?"
aliuliza mwanamke mmoja, bila kuinuka.

Hapana, nilisema, nikitafuta gia kwa kidole cha mguu.
Inanizoea.