Mizani

Mizani nimeiweka, uvunguni mwa kitanda,
Miezi imenicheka, kilo kushuka, kupanda,
Likoni nilipovuka, kilima kilinishinda,
Nusu yake nikifika, chuma nashika, naganda.

Mwanasiti muuguzi, kanifunga mkononi,
Kasema, "Presha ya juzi, leo mbona iko chini?"
Nikamwambia, "Ni ngazi, ndoo ya maji kichwani,
Sijaziacha mbaazi, mahamri sahanini."

Jirani wangu Saumu, kila siku huuliza,
"Kwa mazoezi magumu, kilo ngapi wapunguza?"
Namwambia, "Pima damu, usingizi wanilaza."
Kanitazama kwa hamu, tumboni, akanyamaza.

Kilo zangu ni zizile, dera halijanipwaya,
Kilima nacho ni kile, napanda nikiongeya,
Wa mkokoteni yule, nyuma namsukumiya,
Mizani sasa ilale, ya shairi yatosheya.