Mkaguzi wa Tiketi

Baba yangu, Nikunja, hakuhitaji ramani.
Miaka thelathini na mmoja kwenye reli ya Bardhaman
alizisoma stesheni kwa ulimi:
Chandannagar ni sandeshi yenye maji ya waridi tumboni,
uing'ate bila hadhari ikumwagikie kifuani;
Shaktigarh ni langcha, nyeusi, nene kama kidole gumba cha seremala,
zimelala chali ndani ya shira kama watu walioshiba;
na Bardhaman yenyewe ni mihidana,
punje za njano, samli na zafarani,
ambazo baba alizila moja moja
kana kwamba kila punje ina jina lake.

"Nikichelewa," alituambia,
"msiulize ofisini. Ulizeni kwa mkaanga jalebi."

Sasa ana kisukari.
Koti jeusi la kazi limetundikwa nyuma ya mlango,
na daktari Ghoshal, kijana ambaye masharubu bado yanasitasita,
amemwandikia karatasi: wali kiasi, viazi hapana,
na neno vitamu amelipigia mstari mara mbili;
mstari wa pili umetoboa karatasi.
Baba aliisoma. Akaigeuza.
Akatafuta huko nyuma kama kuna msamaha.

Askari wa nyumba hii ni mimi, Sulekha,
mwalimu wa hesabu, mshika ufunguo wa kabati.
Nimekuta rasgula mbili zikiogelea ndani ya birika.
Nimekuta barfi ya lozi kwenye kiatu cha mvua, cha kushoto.
Nimekuta ladu nyuma ya saa ya ukutani;
wiki nzima saa ilikuwa ikichelewa
na mimi nabadilisha betri.
Mchovya asali hachovyi mara moja, wanasema.
Baba hajawahi kuchovya. Baba huzama.

Na mimi? Miaka sita nanywa chai kavu mbele yake
nisimtie uchu.
Hakuna aliyeniuliza yangu inaishia wapi.

Kisha Januari, msimu wa guru mpya.
Wagema hushusha vyungu mitendeni kabla ukungu haujaamka,
utomvu huchemshwa mpaka uwe mwekundu,
na mtaa mzima hunuka moshi mtamu,
hata nguo zilizoanikwa, hata madaftari ya wanafunzi wangu.

Usiku mmoja usingizi ulinikataa.
Nikawasha taa ya ukumbini, nikawaona sisimizi,
mstari mmoja, hawasukumani,
wakipanda mlango kama abiria waliolipia viti,
wakiingia mfuko wa koti jeusi.

Mfukoni: kifurushi cha majani makavu yaliyoshonwa.
Ndani yake sandeshi nne za guru, umbo la kombe,
rangi ya meza ya zamani.

Nilikusudia kuzitupa. Nasema kweli, nilikusudia.
Nikanusa kwanza, kama afisa anusavyo ushahidi:
maziwa, moshi, iliki kwa mbali,
na kitu kingine, kama asubuhi ambayo mama alikuwepo.
Ushahidi wa kwanza ukaingia kinywani.
Wa pili ukaufuata mwenzake.

Ndara zikaburuta nyuma yangu, zikasimama.

"Tiketi."

Sauti ile ile ya behewani, kavu, haina haraka,
sauti iliyowahi kuwatoa jasho wanafunzi wa chuo
na padri mmoja.
Nikaganda, mashavu yamevimba,
mwalimu wa hesabu asiyejua ameshafika ngapi.
Sikuwa na tiketi. Sikuwa na nauli.
Nikanyoosha mkono bila kugeuka,
kombe la tatu kiganjani.

Aliinama akauma ukingoni tu,
nusu duara, safi,
kama alivyozitoboa tiketi zote zile,
kisha akanirudishia.

"Halali," akasema. "Endelea na safari."

Tulisimama pale miguu mitupu kwenye sakafu ya baridi,
hakuna aliyemtaja daktari.
Ya nne tuliwaachia sisimizi.
Wao, angalau, walipanga foleni.