Kiti na Kizingiti

Jumamosi ya kwanza tulikwenda na bango.
Watu kumi na mmoja, fulana rangi moja,
manjano ya kifaranga wa siku mbili,
na kiti cha magurudumu kingali ndani ya nailoni,
chanuka mpira mpya.

Mhazini wa klabu ndimi.
Najua kiti kile kilikotoka, shilingi kwa shilingi:
keki za Sauda,
bahati nasibu ambayo mshindi alipata feni
na feni ikagoma kuzunguka,
elfu nne za Hasmukh, wa duka la misumari Mwembe Tayari,
alizozihesabu mara tatu huku akiguna
kisha akaongeza moja, akaniambia nisiiandike.
Niliiandika. Mhazini ni mhazini.

Majengo, nyuma ya Guraya, kichochoro cha tatu,
maji ya kufulia yakipita na habari zake,
Bi Mwanamkuu alitolewa barazani
mgongoni mwa mjukuu aliyewahi kumbeba yeye.
Tukamkalisha. Tukatandaza bango.
Mwenyekiti akasema maneno ya mwenyekiti.
Bibi akayapapasa magurudumu
kama mtu apimaye leso dukani kabla ya kuuliza bei.
"Cheka kidogo, Bibi. Moja ya mwisho."
Akacheka. Meno mawili, yote mawili yana adabu.

Kisha jua likaingia barazani, tukataka kumrudisha ndani.

Kiti kikakataa.
Tukakilaza ubavu. Kikakataa.
Mlango wa kale, upana wa mtu mmoja na haya zake,
na kizingiti kilichokwisha kuzuia mafuriko,
kuku wa jirani,
na sasa sisi.
Watu kumi na mmoja, hakuna aliyekuja na futikamba.

Bibi akatazama mlango, akatutazama.
"Nyumba njema si mlango, wanangu.
Ila kwa mwenye gari."

Hiyo hakuna aliyeipiga picha.

Kwenye ripoti ya mwezi tukaandika: kiti kimoja, kimekabidhiwa.
Neno lile likanikaa kooni kama mwiba wa changu.
Kiti kililala nje, mnyororo dirishani,
na paka wa mtaa akazalia juu yake, watoto wanne,
hao ndio waliokabidhiwa.

Jumamosi ya pili tulikuwa wanne.
Wengine walikuwa na harusi, mitihani, mgongo.
Mwaluma na tindo yake.
Sauda na futikamba, ameishika kama tasbihi.
Hasmukh, suruali kaikunja magotini,
asukuma mkokoteni wa saruji na kuguna kila shimo.
Mimi na daftari, baadaye na sepetu.

Mwaluma akainua nyundo juu ya kizingiti.
"Ngoja," sauti ikatoka kitandani. "Mumeniuliza?"

Hatukuwa tumemuuliza. Wala mara ya kwanza.

"Hicho musikivunde. Hapo nilisimama nikamtukana mkwe wangu,
hapo hapo tukapatana.
Mume wangu alikivuka akiwa juu ya mabega ya watu.
Kifanyieni kilima, nje na ndani.
Ukuta wa kushoto ni wa juzi, haujui kitu.
Huo bomoeni."

Tukabomoa usiojua kitu.
Vumbi likatupaka sote rangi moja, na haikuwa manjano.
Paka tukawahamishia karaini.
Hasmukh akakoroga zege kama aliyezaliwa nayo,
akaacha kuguna, sijui saa ngapi.
Alasiri tukaondoka hatujaona kitu:
saruji haina haraka ya mwanachama.

Jumatano, nikitoka kazini bandarini, nikapita.
Baraza tupu. Mnyororo wananing'inia dirishani.
Juu ya kilima cha zege, nyayo za paka zimegandia humo,
na kando yake mistari miwili ya matope, kwenda na kurudi.
Nikapiga hodi. Nikafuata harufu ya kitunguu hadi uani.

Alikuwa mbele ya jiko lake, kiti kimekabwa kwa jiwe,
mwiko mkononi. Hakugeuka.
"Wewe wa daftari," akasema, "nipa chumvi hiyo,
upande huo, juu.
Miaka miwili wananipikia chakula cha hospitali."

Nikampa. Ilikuwa imeganda.
Nikaiponda kwa kijiko.