Daftari la Amri

Amekuja na daftari ndani ya mfuko wa mkate,
Silke, mjukuu wa Ewald Rottach,
hadi Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani, kwangu.
Hotelini wamemwambia yupo muuguzi mstaafu wa Bombo,
alisomea Magdeburg, Kijerumani kwake ni maji.
Nikamtajia bei: elfu tano kwa ukurasa.
Hakubishana. Nikajuta kutosema saba.

Kumbe daftari si la Kijerumani.
Babu yake ameandika Kiswahili,
herufi zimechongoka kama majani ya mkonge,
ili wenzake kambini wasimsome.

Kiswahili gani, lakini!
Kile alichookota hapa mwaka wa kumi na nne,
luteni wa miaka ishirini na miwili,
nyuki walipovitimua vikosi vya Mwingereza vichakani.
Leta. Beba. Funga. Hesabu.
Kitenzi, nukta. Kitenzi, nukta.
Aliyemfundisha ni Semhando, boi wa boma,
baba yake mama yangu.
Hilo sikumwambia Silke.
Semhando alimpa kila neno aliloagizwa
na risiti yake akaibeba mgongoni:
hamsa ishirini, kwa sahani iliyovunjika.

Walipofukuzwa, Rottach akapanda majukwaa kwao.
*Turudishiwe Tanga! Wenyeji wanatulilia!*
Kumbi zikavimba kwa makofi.
Chama kile cha mashati ya kahawia
kikampa kiti bungeni, na picha gazetini.
Nikamuuliza Silke: waliokuwa wakilia ni akina nani?
Akatazama feni.

Semhando mwaka huo alisukuma toroli la katani Pongwe,
na kilio pekee alichokuwa nacho
kilikuwa cha jino.

Kisha bunge likawa mahali pa kuitikia tu,
na vita vikaja, akavaa sare ya anga,
mtu wa miaka arobaini na minane, tumbo limemtangulia,
kazi yake kuhesabu ndege zinazotoka na zinazorudi.
Ndege anaziita nyuki.
Ukurasa wa tisa: *Nyuki hamsa ishirini. Toka.*
Hapo niliweka kalamu chini, nikaenda kuchemsha chai
ambayo hakuna aliyeitaka.

Ukurasa wa kumi na moja:
*Mji kama Tanga. Reli shuka mpaka maji. Choma.*

Usiku mmoja akapanda mwenyewe akaone.
Alichokiona hakukiandika.
Toka hapo amri zinageuka, zinamrudia:
*Lala. Usihesabu. Hesabu. Kula. Usinuse.*

Silke anauliza kama kuna mahali amejuta.
Nimepekua mbele, nimepekua nyuma.
Daftari zima halina *ni*.
Hakuna *nilifanya*, hakuna *niliona*,
na majuto, mwanangu, yanataka mwenyewe.
Mtu unaweza kumwamuru: juta.
Hata hiyo hakujiamuru.

Nikamkumbuka Mama Gerda, aliyenipangisha Magdeburg,
jinsi ndege ikipita alivyozima redio
na kushika ukingo wa meza,
miaka thelathini baada ya mji wake kuungua.
Sikujua kumtafsiri yule, wala sikumtoza.

Ukurasa wa mwisho una neno moja: *Nyamaza.*
Anamwambia nani? Silke akauliza.
Mtu mmoja, nikasema.
Wangekuwa wengi angeandika *nyamazeni*,
ingawa sina hakika kama Semhando
alimfundisha wingi.

Akahesabu noti. Ule wa neno moja nao nikautoza.
Akasimama, akakunja mfuko wake wa mkate.
"Kaa," nikamwambia,
na neno likanirudi masikioni lilivyo kavu.
"Karibu ukae, mama. Kuna habari ya sahani.
Ilikuwa na maua ya buluu."