Kisima cha Tisa

Kila Jumatatu napima maji ya kinamasi:
visima kumi na vitatu, rula ya chuma,
daftari lenye jalada la mpira.
Ofisi ya Tartu inataka namba tu.
Miaka kumi na tisa nawapelekea namba.

Mboji hapa huongezeka milimita moja kwa mwaka.
Nilipokuwa na miaka minane, baba alichovya
ukucha wake kwenye kuvumwani:
“Hilve, huu ndio umri wako.”
Akauzamisha mkono hadi kifundo:
“Hapa yuko bibi yake bibi yangu.”
Hadi kiwiko: “Hapa hakuna aliyejua jina letu.”
Kisha hadi begani, shavu likagusa maji,
akanyamaza.

Tulimzika Septemba.
Oktoba, karibu na kisima cha tisa,
ubao uliooza ukavunjika chini yangu
nikazama mapajani.
Baridi ilinipanda kama habari mbaya.
Nikapiga mateke, nikazidi kuzama,
ndipo nikakumbuka: lala.
Kinamasi hakishindwi kwa nguvu,
kinaombwa.

Nikalala kifudifudi, mikono nimeitandaza.
Pua yangu kwenye sifongo ile ya kijani na nyekundu,
harufu ya chuma, ya chai iliyosahauliwa.
Mbele ya mdomo, matunda madogo mekundu.
Nikala moja. Ukakasi. Nikala la pili.

Halafu ardhi ikapumua.

Naapa. Iliinuka chini ya tumbo langu, ikashuka,
ikainuka tena,
jinsi Taavi alivyokuwa akigeuka
miezi miwili kabla sijamjua sura.
Nikainua kichwa polepole:
ng’ambo ya misonobari mifupi
kulungu dume, mrefu kuliko farasi, anatembea,
na kila kwato aliyoikanyaga kule
ilinifikia huku.

Basi na mimi, kwa kuhema tu,
huenda nilimfikia.
Alisimama. Masikio yakanielekea.
Korongo walipita juu wakigombana,
sikuwatazama.

Sijui nilikaa muda gani.
Nilitoka kwa viwiko, buti moja limebaki.

Alhamisi wakapiga simu kutoka Tartu:
“Namba ya kisima cha tisa haipo.”
Nikasema rula ilianguka.
Kweli ilianguka. Sikuitafuta.
Iko huko na buti,
na mwakani itakuwa imefunikwa
milimita moja.