Kuupanga Upya Ukumbi wa Tatu

Saa sita na robo usiku. Maharusi wamekwenda zao,
wameacha mchele kwenye zulia na kiatu kimoja cha kushoto.
Sisi wa zamu ya usiku tunaingia:
mimi, Neijon, na mzee Oberbroeckling,
ambaye kuta za kukunja huziita ng'ombe,
kwani, asema, hazisukumwi, hubembelezwa.

Hoteli ina vyumba mia tatu na kumi na viwili
na jina refu kuliko korido zake.
Mto Misisipi hupita nyuma, karibu na mlango wa mizigo,
kama mfanyakazi aliyekatazwa kuonekana mbele.
Wageni hulipa zaidi ili wautazame.
Sisi huusikia tu. Mwezi wa Machi barafu ikipasuka
hulia kama sahani, na kila mara
mmoja wetu hugeuka aone nani kaangusha.

Karatasi ya maagizo imebandikwa mlangoni:
Kesho saa mbili. Wahandisi wa maji.
Viti mia nne, mpango wa darasa. Maua hapana.
Haya. Meza za duara zinabingirishwa hadi ukutani,
meza ndefu zinatoka stoo, miguu imekunjwa kipanzi.
Neijon anahesabu viti kwa lugha ya kwao,
juon, ruo, jilu,
mzee anahesabu kwa yake kutoka upande wa pili,
wanakutana katikati na hesabu haikubali:
kimoja kimezidi, au kimoja kimekwenda na maharusi.
Wanaanza upya.

Kwao ni Visiwa vya Marshall.
Alikuja huku Dubuque kwa dada yake,
dada kwa shangazi, shangazi kwa mtu wa kanisa,
vile ndoo zinavyopokezanwa penye moto.
Nchi ya kwao, aliniambia tukila viazi vya baridi,
ukisimama katikati ya barabara
unaona maji kulia, unaona maji kushoto,
wala shingo hujaigeuza.
Hapa ni mahindi. Wiki ya kwanza
hakupata usingizi kwa jinsi yalivyonyamaza.

Saa tisa fundi akaijaribu projekta.
Ukuta mzima ukawa ramani ya dunia,
buluu ikapanda hadi darini, ikamwagikia mlango wa dharura.
Neijon akaweka kiti chini. Akasogea.
Kivuli chake kikaifunika Japani, kikaifunika Australia,
akapapasa kwa kidole kati ya buluu na buluu.
Hamna.
Fundi akasema, na upole wake ulikuwa wa kweli,
"Ni ukubwa wa picha tu, mama. Vidogo huwa havitoki."

Kulikuwa na kikombe cha harusi, kahawa imepoa,
rangi ya midomo ya mtu ukingoni.
Akachovya kidole, akatia nukta ukutani.
Akafikiri. Akatia ya pili, ya tatu,
zikazunguka, zikakaribia kukutana,
akaacha pengo upande wa magharibi.
"Mlango huo," akasema. "Meli ya mchele hupita hapo."
Kisha akarudi kwenye viti vyake, alipoachia: mia na sitini.

Kanuni ya kazi: doa ukutani huripotiwa.
Fomu ya waridi. Mahali. Ukubwa. Chanzo.
Mzee aliivuta kalamu sikioni
na penye chanzo akaandika,
kwa mwandiko wa shule ya masista: Tumelikuta.

Asubuhi, tumesimuliwa, wahandisi walijaa,
wakaonyeshana michoro ya kina na kasi na kingo,
na bwana mmoja alisimama mara mbili
kuifuta lenzi kwa tai yake.
Nukta hazikutoka.
Sisi tulikuwa kwenye basi namba nne, midomo wazi kwa usingizi,
Neijon kaegemea kioo,
mto upande mmoja tu.